Fatiha ya Barabara

Baba,

Amani iwe juu yako hapo ulipolala. Jana tumekusomea hitima ya arobaini. Nyumba ilijaa hadi uani, na mimi binti yako nimefanya jambo ambalo sijui kama ungenipongeza au ungenifukuzia chumbani. Nimemwambia mgeni ashushe mikono katikati ya dua. Mbele ya sheikh. Mbele ya wazee wote. Usiucheke mwandiko wangu kama ulivyozoea.

Nianze na habari za nyumbani. Duka lako la vitenge nimelifungua tena, nusu tu. Cherehani nimeisogeza mlangoni, pale ulipokuwa unakaa, maana sikuweza kukitazama kile kiti kitupu. Bado nakusikia ukigonga meza kwa mkasi na kusema, "Mama, punguza mwendo, hiyo nguo haikimbii." Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako, na tangu uondoke hakuna mwingine anayeniita hivyo. Wateja wamepungua. Kuna bibi harusi wa kule mjini aliyekuja kupimwa, hakurudi kujaribu gauni. Alituma ujumbe kwamba hawezi kulipa kuingia mtaani kwetu na kulipa kutoka kama vile anakwenda hotelini. Motari, wale wa pikipiki, wakisikia jina la mtaa wetu wanatikisa kichwa. Akina mama wa Busasamana waliokuwa wakituletea viazi na karoti kwa pikapu hadi mlangoni, sasa wanashushwa ng'ambo ya kizuizi na kubeba mzigo kichwani.

Kizuizi chenyewe kipo palepale ulipokiacha. Barabara ya mwendo kasi imeimeza njia yetu ya zamani, na gari lolote linalotoka kwetu kwenda sokoni au hospitalini linapita kwenye mlango wa kampuni ya barabara na kulipa ushuru wa kupita, hiyo peaji yao. Njia nyingine ni ile ya mawe inayozunguka nyuma ya kilima, ambayo mvua ikinyesha hata mbuzi anasita. Hatukatai barabara ilipiwe, wewe mwenyewe ulilisema hilo kila ulipokaa na watu. Malori yanayokimbilia mpakani Grande Barrière yalipe. Wageni wa kwenye mahoteli ya ziwani walipe. Lakini Shangazi Mwajuma alipokuja kukulilia kutoka Goma, alivuka mpaka wa nchi mbili kwa kuonyesha kitambulisho tu, halafu teksi iliyombeba ikasimamishwa hapa mlangoni kwetu ilipie zile mita chache ya kufika nyumbani kwa kaka yake. Hilo ndilo tunalolikataa.

Na siku ya kukuzika, Baba. Mimi sikuwepo, wanawake tulibaki uani, ila ndugu yangu Yahaya alinisimulia akiwa amegeukia ukuta. Pikapu iliyobeba jeneza ilifika kizuizini na wale vijana wa kampuni wakavua kofia, wakainua chuma. Ukapita bila kulipa. Kisha chuma kikashuka mbele ya teksi ya Yahaya, mwanao, na nyuma yake magari ya waombolezaji, kila moja likasimama kulipa wakati wewe unaondoka mbele peke yako. Wewe ndiye mkaazi wa kwanza aliyepita bure kama mlivyoahidiwa. Sijui nicheke au nipige kelele.

Mlivyoahidiwa. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Nakumbuka siku ile uani kwetu kama naiona. Kampuni ilitaka kila nyumba ya upande wa chini irudishe ukuta wake nyuma ili barabara ipate nafasi. Wewe ndiye uliyewakusanya majirani, kwa sababu walikuamini kuliko walivyomwamini mtu yeyote mwenye ofisi. Yule bwana wa kampuni tunayemwita Enjenyeri alikaa kwenye mkeka, akanywa chai yako ya tangawizi bila kukunja uso, akasema wakaazi hawatalipia kwenda nyumbani kwao. Ukamtazama, ukasema, "Bon, tusome Fatiha." Mikono yote ikainuka, na ya kwake pia. Mkaisoma. Mkasema amina, mkajipangusa nyuso, naye akaupangusa wake. Kesho yake jirani yetu Mama Shakuru akaanza kubomoa ukuta wa jiko lake kabla hata ya kuambiwa.

Jioni ile nilikuuliza kama kuna karatasi yoyote aliyosaini. Ulinitazama kama niliyeuliza kama jua lina risiti. "Mutu akisha kupangusa uso pamoja na sisi, imeisha." Sikucheka wala sikubisha. Kwa Fatiha uliipokea posa yangu, kwa Fatiha uliuza kile kiwanja cha babu, kwa Fatiha uliwapatanisha ndugu waliokuwa hawapeani mkono kwenye Idi. Sijawahi kukuona ukivunja neno lililosomewa, na sijawahi kuona mtu aliyelivunja akarudi kukaa kwenye mkeka wako.

Kisha barabara ikafunguliwa na chuma kikawekwa. Ukamfuata Enjenyeri ofisini. Uliporudi uliingia ndani moja kwa moja. Ulivua kofia yako ya kushonwa kwa mkono, ukaikunja, ukaitia mfukoni, na mimi nikajua umekasirika maana ndiyo ilikuwa alama yako. Maneno ya Enjenyeri nilikuja kuyapata kwa Yahaya aliyekupeleka. Alikuambia kwa upole, na huo upole ndio unaonichoma, "Mzee, ile ilikuwa maombi yenu, mi niliheshimu tu. Haikuwa mukataba." Kumbe aliinua mikono kama mtu anavyosimama wengine wakiimba wimbo wao. Hakudhani kwamba anafunga neno. Na ninyi hamkudhani kwamba kuna binadamu anayeweza kuinua mikono vile bila kulifunga.

Sisemi hilo ndilo lililokuua. Daktari alisema presha yako ni ya miaka mingi, nami namwamini. Lakini nilikuona wiki zile ukipita njia ya nyuma ya maduka ili usikutane na Mama Shakuru. Wewe, uliyekuwa unamsalimia hata paka wake.

Baada ya mazishi watu walikuja, walilia, walikula, walituchangia. Ila nilisikia kitu, Baba, au tuseme sikukisikia. Wakikutaja, hawakuongeza Mungu amrehemu. Walisema tu, mzee Saidi alituambia hivi, mzee Saidi alitusomea vile. Mama Shakuru alikaa karibu nami akipepeta mchele, akasema bila kuninyanyulia macho, "Zaina, baba yako alitufungia neno. Yeye amelala, sisi tunalipa." Nilitaka kumjibu vikali. Nikavuta ungo mwingine nikapepeta naye, kwa sababu jiko lake halina ukuta mpaka leo, limezungushiwa turubai.

Wiki iliyopita Enjenyeri akamwita Yahaya. Akampa pole upya, kisha akamwambia kampuni imeamua, kwa heshima ya marehemu, kuitolea nyumba yetu kadi ya kupita bila malipo. Nyumba yetu tu. Ataileta mwenyewe siku ya arobaini.

Tuligombana, mimi na mwanao. Usimlaumu. Teksi yake inaingia na kutoka mtaani mara nyingi kwa siku, na kila akipita anaacha sehemu ya chakula cha watoto pale mlangoni. Alikuwa ameshaongea na mtu wa kulinunua gari. Alinishika bega akaniambia, "Dada, mi niko na watoto. Baba ameshaenda. Tukikataa hii kadi, nani atatuletea ingine?" Nikamuuliza atamtazamaje Mama Shakuru usoni siku atakayopita bure mbele ya turubai lake. Akasema Mama Shakuru hana gari. Nikamwambia ana ugonjwa wa figo, na teksi inayompeleka hospitalini inalipa. Akaondoka bila kunywa chai. Siku tatu hatukusemezana, na mimi kila nikikanyaga cherehani nilikuwa najibizana naye kichwani.

Ikafika jana. Enjenyeri alikuja kweli, suti nyeusi, akavua viatu mlangoni vizuri, akakaribishwa kando ya sheikh. Mchango wa watu ulikuwa unawekwa kwenye sinia katikati ya mkeka. Akaitoa kadi kwenye bahasha, akaiweka juu ya sinia, wazi, pengine akidhani ndivyo adabu inavyotaka. Watu wote waliitambua. Wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la kitenge, lile nililolishona kutokana na vipande vyako vya mwisho, na nikaona shingo moja baada ya nyingine inageuka upande wetu. Mama Shakuru alikuwa na mwiko mkononi. Akauweka chini taratibu.

Hitima ikaisha. Sheikh akasema, "Al-Fatiha." Mikono ikainuka. Kupitia ukingo wa pazia nikaiona ya Enjenyeri nayo inainuka, viganja juu, kama siku ile.

Sijui nilisimamaje. Najua tu kwamba nilikuwa nimeshashika pazia.

"Bwana, shusha mikono."

Sheikh akakatisha. Yahaya akanitazama kwa macho ya kuniomba. Maneno yalikuwa yamengoja tangu siku chuma kiliposhuka mbele ya teksi, yakatoka yenyewe. "Mu nyumba hii mutu akiinua mikono, amefunga neno. Mara ya kwanza hukujua. Tumekusamehe, hata baba alikusamehe. Leo unajua. Basi donc, kama hilo neno la wakaazi unalo, inua. Kama huna, shusha, sisi tutamuombea mzee wetu."

Enjenyeri alinitazama, akamtazama sheikh, akaitazama ile kadi kwenye sinia. Kisha akaishusha mikono. Polepole, akaiweka juu ya magoti. Sheikh akarudia kutoka mwanzo, nasi tukakusomea, Baba, yeye akiwa katikati yetu na mikono imelala.

Tulipojipangusa nyuso, Yahaya aliinuka. Nilidhani anakuja kunigombeza. Akaichukua kadi, akairudisha kwenye bahasha, akampa Enjenyeri kwa mikono miwili, akamwambia, "Asante, Patron. Tutangojana na wenzetu." Uso wake ulikuwa umejaa jasho. Jioni tulikunywa chai pamoja. Gari hajaliuza, bado.

Enjenyeri hakuondoka. Nilidhani atatoka kwa hasira, lakini wazee hawakumruhusu atoke bila kula, si unawajua. Mama Shakuru ndiye aliyempakulia, na alimwekea nyama nzuri. Alikula akamaliza. Mlangoni, akivaa viatu, alimwambia sheikh kwamba atalipeleka kwa wakubwa wake suala la wakaazi, wote, na si la nyumba moja. Akasema hawezi kuahidi. Wengine wamekasirika kwamba hakuahidi. Kijana mmoja amesema nimewanyima hata ile kadi moja, na kwamba leo chuma kingali chini, na ni kweli, kiko chini. Nakiona kutoka hapa nilipokaa.

Lakini mimi nimekesha nikiwaza mikono yake. Mtu ambaye kwake ile ni desturi tu ya watu wengine angeiacha juu. Ingemgharimu nini? Angesema amina, angejipangusa, angekula pilau na kwenda zake, kama mara ya kwanza. Aliishusha. Yule mtu sasa anajua kwamba ni mukataba, Baba. Hukukosea kumtaka neno lake. Ulilitaka mapema tu, kabla hajajua neno ni nini.

Asubuhi hii Mama Shakuru amepita dukani kuazima uzi. Amesema turubai limechanika, atalishona, na kwamba mzee Saidi, Mungu amrehemu, angekuwa amemletea lingine. Umesikia? Amesema Mungu amrehemu. Nilijifanya natafuta sindano.

Lala, Baba. Nitakuja kukutembelea kwa miguu, kwa njia ya mawe, hata mvua ikinyesha. Kwa gari nitakuja siku moja tu, siku ambayo chuma kitainuliwa kwa nyumba zote, na kwenye kiti cha mbele cha teksi ya Yahaya atakaa Mama Shakuru. Ikiwa siku hiyo Enjenyeri atarudi uani kwetu kuinua mikono, nitamtandikia mkeka wako mwenyewe.

Mama yako mdogo,
Zaina