Daktari Amebaki Zizini

Bariadi, 12 Julai 1993

Dada Minza mpendwa,

Mtoto ameota meno? Sisi tunavuna pamba.

Dada, fomu nimeijaza. Nimechagua chuo cha matabibu, nimeacha ile miaka mingi ya kusomea udaktari. Siku ulipojifungua ukatokwa na damu nyingi, daktari alikuwa mbali. Aliyekuokoa ni tabibu wa zahanati yetu.

Nilimwogopa baba, maana maksai wake mpya alishampa jina la Daktari kwa ajili yangu. Nilipomwambia, alimaliza kumfunga maksai nira, kisha akacheka.

“Basi, mayu, mama yangu, daktari wangu ni huyu. Wewe kawe tabibu, ila urudi hapa.”

Sasa namsikia akifoka shambani, “Daktari, vuta!” Sishtuki tena.

Mdogo wako mwenye moyo mwepesi,
Ng'washi