Orodha Iliyomfuta Senge Rosa

Ruiru, Jumapili

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka imesaidia, ama bado unatembelea fimbo? Mimi mwili ni mzima. Wiki hii nimeshika simu mara tatu nikashindwa kukupigia, ndiyo maana naandika.

Dada yako, Senge Rosa, amefutwa kazi kule kiwandani Thika. Ni mkono wangu, Baba.

Unajua mimi niko ofisi ya kampuni hiyo hiyo hapa Ruiru, upande wa kompyuta. Rekodi za wafanyakazi wote zilikuwa kwa mashine moja kuukuu, yenye programu ya COBOL, lugha ya kompyuta ya zamani. Mashine ikafa. Nikapata nakala ya programu kwa kabati, nikatoa kwa intaneti kompaila ya bure, yaani kitu cha kutafsiri lugha hiyo ndio kompyuta mpya iielewe. Ikakubali. Meneja alinipigia makofi mbele ya watu. Nilijiona mtu.

Halafu kiwanda kikaanza kupunguza watu. Meneja akataka orodha ya walioajiriwa juzi juzi, hao ndio waende. Nikachapisha, nikatia sahihi. Sikuisoma.

Programu hiyo huandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Kuna fundi aliwahi kuirekebisha, lakini nakala yangu ilikuwa ya kabla ya marekebisho yake. Kompaila haikukosea, ilitafsiri nilichoipa. Walioanza kazi kabla ya mwaka elfu mbili, hesabu ya miaka yao ya kazi ikatoka chini ya sifuri, ikaandikwa sifuri. Senge, aliyesimama kwa mashine za uzi kabla mimi nizaliwe, akawa mgeni.

Aliponipigia kuniambia amepewa barua, nilirekebisha kwa saa moja. Nikampelekea meneja orodha mpya.

"Ya kwanza si ulitia sahihi?"

"Nilikosea, sir."

Akaisoma polepole. "Kwa hii mpya, wewe mwenyewe uko ndani. Umeona?"

"Nimeona."

"Barua zimeshatoka. Rudi kazini." Akaifungia kwa droo.

Ijumaa niliomba ruhusa nikampeleka Senge ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, Thika. Wakataka barua yake ya kuajiriwa. Iliharibika zamani, maji yalipoingia nyumba. "Basi leteni rekodi ya kampuni, iwe na muhuri wa meneja." Tukatoka nje tukasimama tu.

Tulirudi kwake mtaa wa Landless, nikamweleza yote. Alikuwa anakunja mablanketi.

"Kompyuta hainijui, sawa," akasema. "Lakini wewe, jina langu hukuliona?"

Nikasema naacha kazi.

"Ukiacha, tutarudi nyumbani wawili. Itasaidia nani?" Akanipakulia ugali, akarudi kwa mablanketi.

Senge atashuka hapo steji ya basi Jumatano asubuhi. Mwambie mdogo wangu Wekesa aende na pikipiki, mizigo ni mingi. Tafadhali usimuulize mambo ya kazi siku hiyo. Ukitaka kuuliza, niulize mimi.

Msalimie Mama, dada yetu Nafula na cherehani yake, na Katekista jirani, mwambie aniombee. Nyanya usimweleze bado.

Kesho niko ofisini saa mbili. Meneja amesema kuna orodha ya pili ya watu wa kuenda, na anataka niichapishe mimi. Sijui nitafanya nini, Baba.

Mwanao,
Barasa