Swali la Kumi na Tisa

Alunguli, Kindu, tarehe 4 Machi

Yaya Waziri, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto huko Lubumbashi. Sisi hatujambo. Mihogo imezaa vizuri, na binti yangu Ramla amefaulu mtihani.

Habari kubwa njo hii. Mwaka jana watu wa serikali walipita nyumba kwa nyumba kupima kama tunaishi vizuri. Binti mmoja, Falone, aliniuliza kama niko na redio, mabati na mbuzi. Nikamwambia, "Mutoto wangu, hujauliza kama mwanamke anaweza kwenda kuchota maji bila woga."

"Mama, hilo haiko kwenye karatasi."

"Basi liandike."

Akaliandika. Wakubwa wake wakalikubali, likawa swali la kumi na tisa kwa Kindu nzima. Wanawake wa mtaa wetu karibu wote walijibu hapana, na kwa sababu hiyo kisima chenye pampu kilichimbwa hapa kwetu. Siku ya kukifungua walitaja jina langu mbele ya watu. Nilisimama wima, yaya, kila mtu anione.

Sikumwambia yeyote kwa nini niliwaza swali lile. Wewe unajua kwamba ni kwenye njia ya mto watu wenye silaha walimchukua mama, wakati wa vita, tukaokota ndoo yake tu.

Juzi Falone alirudi kuuliza tena. Alipofika kwenye la kumi na tisa, nilimwomba alisome mara mbili. Kisha nikajibu ndiyo.

Mdogo wako,
Sharifa