Pini ya Lady Rosamund

Jumeirah Village Circle,
Dubai.
13 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Mirriam,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako laendeleaje na kibaridi cha huko Kimilili? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia, na leo sitakuficha.

Mama mzee ninayemtunza, Lady Rosamund, ni binti wa lodi wa Uingereza. Ujanani mwake haikupita wiki bila magazeti ya London kutoa picha yake akicheza dansi. Jumba la kwao liliuzwa zamani. Sasa tuko wawili tu ghorofa ya tisa, na bado kila Jumamosi lazima wageni waje kula mchana, naye ajipambe utadhani anaolewa.

Tatizo ni kwamba anasahau. Daphine, Mganda aliyekuwa hapa kabla yangu, alichukuliwa na polisi kwa ajili ya bangili. Ilikuja kuonekana ndani ya birika la chai, Daphine akiwa ameshafukuzwa nchini.

Sasa yamenifika mimi. Mwezi jana madam alinibandika kifuani pini ya almasi ya marehemu mamake, akasema ni yangu. Kesho yake akapekua nyumba nzima akiitafuta. Nikamrudishia. Akaona haya, akanibandika tena, eti kwao zawadi hairudishwi. Imekuwa mara tatu! Nilimwomba aandike japo mstari mmoja, akacheka kwamba neno la mtu wa ukoo wake halihitaji karatasi.

Juzi alimwambia mwanawe kwa simu kwamba pini imeibiwa. Huyo mwana ndiye kafeel wangu, yaani mdhamini, viza yangu iko mkononi mwake. Siraje, dereva wetu, amenishauri nimweleze ukweli kuhusu mamake, khalas, yaishe.

Leo asubuhi nikamweleza madam yote, taratibu. Akanishika mikono yote miwili.

"Metrine, usimwambie kwamba nasahau. Atanipeleka nyumba ya wazee."

Sikuwahi kumwona akiogopa. Nikamwahidi.

Shangazi, naogopa. Mwanawe anatua kesho.

Nisalimie Mjomba Gerishom, na Lawrence, na Clifford akirudi kutoka shule. Mungu awafunike nyote chini ya mkono wake. Nami msiponisikia kufikia Jumapili, waambie watu wa nyumbani kwamba nilipewa.

Mwanao anayekupenda na kukuwaza,
Metrine