Mama Amebaki Masaki

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijawahi kukusemesha bila kuanza hivyo.

Baada ya arobaini yako, Mama alinikalisha jikoni akanieleza jambo ulilomkataza kulisema. Kule kuteleza bafuni kulikokuvunja nyonga hakukuwa kuanguka kwako kwa kwanza. Ulishaanguka shambani, kwenye mikorosho, ukaanguka tena ukishuka kibarazani. Ukamwambia, "Watoto wasijue. Wakijua watanipeleka Kibaha, nikakae ndani kama mgeni."

Nililia, Baba. Sikukukasirikia. Nilikumbuka ulipotoka hospitali ukaletwa kwangu Kongowe, hapo Kibaha, ulivyokuwa ukilala umeelekea dirishani, kila asubuhi ukiniuliza kama Masaki yetu ya Kisarawe mvua imenyesha. Na kweli tungekuhamisha. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa sikia ya Mama. Masika haya alijikwaa kwenye kizingiti, amebeba ungo wa makopa ya muhogo. Aliumia kiwiko tu, alhamdulillah. Alinipigia simu mwenyewe. "Mwanangu, nimeanguka. Nakwambia kwa sababu baba yako hakusema. Lakini sihami."

Nilichukua bodaboda pale Kisarawe mjini, na njiani nilishaamua atalala chumba gani kwangu. Nikamkuta kibarazani, amejifunga kanga kiunoni, ananitazama usoni. Sikukitaja kile chumba. Nikamuuliza, "Mama, wewe unataka nini?"

Akasema, "Nataka niende bafuni bila kuogopa."

Tukaanzia hapo. Ile sakafu uliyoisiriba mpaka ikang'aa, fundi ameikwaruza isiteleze, na ukutani ameweka bomba la kushikia. Kizingiti tumekiondoa. Kandambili zake zilizolika nimezitupa, na bado amenuna. Kumbe hata dawa za presha zilikuwa zikimpa kizunguzungu akiinuka ghafla, daktari amembadilishia. Na yule dada wa mazoezi wa hospitali aliyekuwa akikunyoosha miguu amemfundisha kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na kusimama kwa mguu mmoja ameshika meza. Alimwambia woga nao unaangusha, maana mwenye kuogopa hatembei, na asiyetembea miguu inalegea. Mama akamjibu, "Basi mume wangu aliogopa peke yake."

Kisha akashika meza, akainua mguu tena.

Mkongojo ameukubali, ila nisiuite mkongojo, niuite fimbo. Ijumaa iliyopita alikwenda nao kwenye maulidi kwa jirani, kwa miguu yake, nami nyuma yake nikijizuia nisimshike mkono. Alipofika alikaa na wenzake, akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Nilitamani uwe umekaa upande wa wanaume, umsikie.

Pumzika, Baba. Mungu akupanulie kaburi lako. Mama nitamwacha kwake, nami nitakuwa naja. Na siku miguu yangu mwenyewe ikianza kuyumba, nitawaambia wanangu siku hiyohiyo, kisha niwaambie pia ninapotaka kuishi.

Mwanao,
Mwanahawa