Chuma Ambacho Cyril Hakukilaza

Nambari 22, Mtaa wa Ferriby,
Kentish Town, London.
3 Novemba, 1958.

Mpendwa shemeji Stanley,

Pokea salamu zangu huko Australia. Mgongo wako unaendeleaje? Joan na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila usingizi ndio haba. Bado natoa vikombe viwili vya chai, kisha narudisha kimoja kabatini.

Asante kwa simu ya rambirambi. Cyril tulimzika kando ya mama yenu. Mvua ilinyesha tangu asubuhi.

Sasa lililonisukuma kuandika. Baraza la uchunguzi wa ajali linakaa tarehe 24, nami nimeitwa. Wakubwa wa reli wanasema Cyril alikufa kwa uzembe wake. Umeme ulirudishwa kwa makosa yeye akiwa bado handakini akitengeneza njia ya treni, na hakuwa amelaza juu ya reli kile chuma ambacho kingeukata.

Bwana Trimble wa chama cha wafanyakazi alikuja Jumapili. Akanishauri, "Mama, we sema mumeo alikilaza siku zote. Nani atabisha?" Nikamwuliza, na wanaoshuka kesho je? Akakoroga chai weee, halafu akasema, "Kila kanuni kwenye kitabu chetu iliandikwa baada ya mazishi."

Stanley, ukweli unaujua. Mwaka wa kwanza Cyril alikilaza kila mara. Ninyi wenzake wa kikosi mkawa mnamwita Bi Kizee. Ulinisimulia mwenyewe mezani kwangu, unacheka mpaka kijiko kikakudondoka: "Bi Kizee, achana na huo mkongojo, tutazeekea humu!" Hata msimamizi alicheka, maana chuma kile kilimlia dakika kumi za kazi. Cyril naye akacheka. Baadaye akaacha kukibeba, kama ninyi nyote.

Sikulaumu. Hata mimi nilicheka siku ile.

Nitaliambia baraza kwamba hakukilaza, na kwamba hakuna aliyekilaza. Lakini mimi ni mjane tu. Wataniuliza nimeyaonea wapi. Wewe ulishuka naye miaka sita. Nakuomba uandike uliyoyaona, utie sahihi mbele ya hakimu wa huko, uyatume kwa ndege kabla ya tarehe 15. Andika na jina mlilomwita. Najua litakuchoma. Usipoandika, kikosi kitaendelea kushuka vilevile, na mzembe atabaki Cyril peke yake.

Nisalimie Joan, Maud na Clive. Mungu awafunike kwa rehema zake, nawe akutie nguvu mkononi.

Mimi shemeji yako nikupendaye,
Winifred