Tangi la Maji la Okharkot

Okharkot, 12 Novemba 1998

Mwanangu mpenzi Tekendra,

Hujambo huko Doha? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila nyati wetu wa kufugwa amegoma kukamuliwa tangu jana. Mwalimu ndiye anayeniandikia.

Wamekuja wanafunzi wa chuo kutoka Ujerumani, kumi na wawili, kutujengea tangi la maji. Moyo wanao, lakini kwenye mawe, lo! Ukuta umetoka kitambi. Wakienda kula wali na dengu, sisi akina mama tunabomoa na kupanga upya, haraka haraka. Wakirudi wanapiga picha, wanapongezana. Tunanyamaza. Mgeni havunjwi moyo.

Mmoja, Annelie, analala kitandani kwako. Ananiita Mama. Nami naitika, mwanangu. Nisamehe.

Mama yako

Doha, 20 Desemba 1998

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona.

Nimecheka mpaka wenzangu chumbani wakadhani nimerukwa na akili. Halafu nikalia. Mimi fundi mwashi, mtoto wa fundi, mwaka wa sita huu nabandika vigae kwenye vyoo vya watu, na kwetu ukuta wanapanga wanafunzi! Mwambie huyo Annelie alale tu, ila asizoee.

Mkataba wangu unaisha Machi.

Mwanao Tekendra

Okharkot, 30 Januari 1999

Mwanangu,

U mzima? Baridi inatafuna magoti, mengine tunashukuru.

Wageni wameondoka juzi. Annelie alilia mpaka kamasi, akasema atarudi Oktoba, akaandika tarehe ukutani jikoni. Mgeni ana tarehe, Tekendra. Wewe huna. Nimekukumbuka hadi naogopa nitasahau sauti yako. Mwalimu anasema nipunguze. Nimemwambia, wewe andika!

Tangi limebaki pembe moja. Nimewazuia wenzangu wasiifunge. Nimesema mkataba wa mwanangu unaisha Machi, pembe hii ni yake. Wamenuna, maana bado tunashuka mtoni na mitungi, lakini wamekubali kungoja.

Mama yako anayekungoja

Doha, 9 Machi 1999

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yana nafuu? Mimi mzima.

Barua yako imenikuta siku nne baada ya kutia sahihi miaka miwili mingine. Ningesema laiti ingewahi, lakini sitakudanganya, pengine ningetia sahihi tu. Pembe ya tangi ni kazi ya siku mbili, Mama. Halafu?

Nimekukumbuka sana, hata usingizini nakuita.

Fungeni hiyo pembe. Watu wateke maji.

Mwanao